Safari ya kwanza ya meli kwa wawili: viza kwanza, chumba baadaye

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, wiki moja ya meli ya kitalii kwenye Bahari ya Mediterania hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe mbili: siku mtakayopata viza na siku ya malipo ya mwisho ya meli. Wenzetu wenye pasipoti za Ulaya huanza na kuchagua meli. Sisi tukianza hapo, tunaweza kupoteza nauli nzima, kwa sababu kunyimwa viza hakuhesabiwi na kampuni nyingi za meli kuwa sababu ya kurudishiwa pesa.

Chukua mfano wa meli inayong'oa nanga Barcelona tarehe 12 Juni. Kampuni nyingi hudai pesa yote iwe imelipwa siku 60 hadi 90 kabla, yaani karibu na katikati ya Machi kwa zile kali. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo dirisha lenu linafunguka tarehe 12 Desemba. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini ubalozi una ruhusa ya kufika siku 45, na hapo hujahesabu wiki za kusubiri miadi ya kupeleka alama za vidole. Basi wekeni nafasi Novemba kwa arubuni inayorudishwa, ombeni viza kabla Januari haijaisha, na msimalize kulipa meli mpaka pasipoti zirudi zikiwa na stika. Nauli zenye arubuni isiyorudishwa huwa nafuu kidogo. Kwa safari ya kwanza, achaneni nazo.

Ubalozi gani? Sheria ni nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, nchi mtakayoingilia. Ndiyo maana ni busara kuanza na kumalizia safari bandari moja na kulala hotelini hapo usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda. Hapo kwa kawaida Hispania inaongoza kwa siku, na hakuna afisa atakayewauliza kwa nini hamkwenda kwa Waitalia. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mbali na ada ya kituo cha kupokelea maombi. Pelekeni uthibitisho wa meli wenye orodha ya bandari na tarehe zake, nafasi ya ndege, hoteli, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na cheti cha ndoa kama mmoja ndiye anayemlipia mwenzake. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kampuni nyingi za meli hutaka miezi 6.

Kwa maharusi kuna kosa dogo lenye gharama kubwa. Bibi harusi anaandikishwa kwenye meli kwa jina la mume ilhali pasipoti bado ina jina la baba. Jina kwenye tiketi ya meli, tiketi ya ndege, bima na pasipoti liwe lilelile, herufi kwa herufi. Kubadili jina kunaweza kusubiri mpaka mrudi.

Sasa ratiba yenyewe. Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia, Palermo na Valletta zote ziko ndani ya Schengen, na meli kadhaa huzunguka bandari hizi au nyingi kati yake kwa usiku 7. Lakini ratiba ikiingiza Tunis, Kotor ya Montenegro, au Istanbul, mmetoka Schengen na mnarudi tena. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha, na kampuni inaweza kuwakatalia kupanda siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa wao ndio watakaobeba mzigo wa kuwarudisha. Kusema kwamba hamtashuka kwenye bandari hiyo hakusaidii. Ombeni viza ya kuingia mara nyingi kwa hali yoyote, hata ratiba ikiwa ni ya Schengen tupu, maana nahodha anaweza kubadili bandari kwa ajili ya hali ya hewa.

Kuhusu msimu, Mei, mwanzo wa Juni, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba bei hushuka na jua halichomi. Agosti ni likizo ya Ulaya nzima. Mabwawa yanajaa watoto na foleni za Roma hazitembei.

Chumba. Madaraja ni manne: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, na vile vikubwa vya kifahari. Cha ndani kwa kawaida kina mita za mraba 13 hadi 17, bafu ikiwemo. Wawili wanaopendana wanatosha humo, lakini gizani kabisa mtu hupotelewa na saa. Acheni televisheni kwenye chaneli ya kamera ya omo, yaani mbele ya meli, sauti ikiwa imezimwa, muone kunapokucha. Tofauti ya bei hadi roshani ikiwa chini ya euro 150 kwa kila mmoja kwa wiki nzima, lipeni. Ikizidi hapo, pesa hiyo itawafaa zaidi nchi kavu. Kitanda cha watu wawili mara nyingi ni vitanda viwili vilivyounganishwa, kwa hiyo andikeni ombi la kuunganishiwa mapema, msisubiri kulidai usiku wa kwanza.

Mahali pa chumba ni muhimu kuliko daraja lake. Wahenga wa pwani walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mwenye tumbo jepesi alichukue hilo kama lilivyo: katikati ya meli, sitaha za chini, ndipo panapotulia. Omo hupanda na kushuka, tezi, yaani nyuma, hutetemeka kwa injini, na juu kabisa ndipo meli inapoyumba zaidi. Fungueni ramani ya sitaha kabla ya kulipa, mtazame kilicho juu na chini ya chumba. Juu yake kukiwa na sitaha ya bwawa, viti vitaanza kuburutwa alfajiri. Chini yake kukiwa na ukumbi wa muziki, hamlali kabla ya saa 8 usiku. Vyumba vinavyotazama mashua za kuokolea huuzwa rahisi kwa sababu dirisha linaona boti, halioni maji. Na ile bei ya chini ambayo kampuni inawachagulia chumba yenyewe ina maana kwamba mtapokea popote mtakapowekwa.

Kati ya Barcelona na Marseille kuna Ghuba ya Lion, na huko huvuma mistral, upepo mkavu wa kaskazini unaoshuka bonde la mto Rhône. Mapezi yanayotoka ubavuni mwa meli hupunguza kuyumba kushoto na kulia, lakini kule kupanda na kushuka hayakuzuii. Dawa za kulevywa na bahari hufanya kazi zikimezwa kabla. Sinarizini, inayojulikana madukani kama Stugeron, humezwa saa mbili kabla ya meli kuondoka. Mtu akishaanza kutapika, kidonge nacho hutoka. Inaleta usingizi, na mwenye mimba aulize daktari kwanza. Kwa mimba kuna jambo jingine: kampuni nyingi hazimpokei mama atakayekuwa amefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha, na hudai barua ya daktari hata kwa mimba changa.

Bei iliyo kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa kuhesabu wawili chumbani. Tuseme ni euro 750, mko 1,500. Ongezeni tozo za bandari kama hazimo. Ongezeni ada ya huduma, ambayo hukatwa kila usiku kwa kila mtu: kwa euro 12, wawili kwa usiku 7 ni 168. Kuna kifurushi cha vinywaji, na hapa wengi hunasa: kampuni nyingi hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi cha vileo, mmoja akikinunua. Kama mmoja wenu hanywi pombe, pigeni hesabu ya soda na kahawa kwa bei ya rejareja, kisha mlinganishe. Maji, chai na juisi ya asubuhi kwenye bufee kwa kawaida ni bure. Intaneti huuzwa kwa kifaa.

Ndani ya meli hakuna anayelipa kwa noti. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba, nayo huunganishwa na kadi ya benki au amana ya fedha taslimu. Mkiunganisha kadi ya debiti, mfumo huzuia kiasi fulani mara kwa mara, na pesa iliyozuiwa inaweza kuchukua siku nyingi kuachiwa huku salio lenu likionekana limekwisha. Mwenye kadi ya debiti tu aweke amana taslimu dawati la wageni, euro 200 au 300, aongeze akihitaji. Waambieni pia benki yenu mapema mtakuwa nchi zipi, na mpandishe kikomo cha matumizi ya siku.

Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe imejaa kwenye bufee za Mediterania, na nyama halali haipatikani bila kuomba kwa maandishi tangu siku ya kuweka nafasi. Pateni jibu lao nalo kwa maandishi. Samaki na vyakula vya mboga vipo kila siku, ila ulizeni kuhusu divai kwenye mchuzi. Kibla kinataka uangalifu, maana meli inageuka usiku kucha, na dira ya simu hupotoshwa na chuma cha kuta za chumba. Pandeni sitaha ya wazi mpime huko, au soma mwelekeo wa meli kwenye chaneli ya ramani ya televisheni mhesabu kutoka hapo.

Fikeni Barcelona siku moja kabla, pungufu ya hapo ni kamari. Ndege za kutoka kwetu huunganisha Doha, Addis Ababa, Istanbul au Dubai, na begi likichelewa kwenye kiungo, meli haisubiri. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuwaandikisha wageni mpakani kwa picha na alama za vidole, na foleni ya mara ya kwanza inakula muda.

Siku ya kupanda mtawaachia wapagazi masanduku, nayo yanaweza kufika chumbani jioni. Dawa, pasipoti, chaja na nguo za kuogelea vikae kwenye begi la mkononi. Pasi ya nguo na birika la umeme huchukuliwa mlangoni. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za Ulaya, kwa hiyo beba adapta mbili za kawaida. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwemo pia. Kabla meli haijaondoka kuna zoezi la usalama la lazima. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipozama upande mmoja pale kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi bado, na tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya kuondoka au papo hapo meli inapoondoka. Ishara ni honi fupi saba na ndefu moja. Tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi kituo chenu, mkihesabu milango, kwa sababu gizani mtahitaji kuikumbuka.

Bandari inayoandikwa "Roma" ni Civitavecchia, kilomita 80 hivi kutoka mjini. Basi la bandari huwatoa melini hadi kituo cha mabasi cha Largo della Pace, kisha kituo cha treni ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Treni ya kawaida ni euro chache kwa kila mmoja. Shukeni Roma San Pietro badala ya kwenda mpaka Termini, kituo kikuu cha treni. Kutoka hapo uwanja wa Mtakatifu Petro ni dakika 15 kwa miguu. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Meli ikiondoka saa 1 jioni, mwisho wa kupanda ni nusu saa kabla, na nyinyi pandeni treni ya kurudi kabla ya saa 10 alasiri, kwa kuwa Italia ina migomo ya treni. Ziara zinazouzwa na meli ni ghali zaidi, lakini basi lao likichelewa, meli huwasubiri. Kwa Roma, mwenye wasiwasi anunue. Kwa Palermo na Genova hakuna haja, mji unaanzia getini. Valletta kuna lifti ya Barrakka inayowapandisha kutoka ufukweni hadi bustani za juu ya ngome.

Zimeni data za simu mara tu meli inapoondoka, kwa sababu minara ya melini hutoza kama simu ya setilaiti. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya bufee. Vitakasa vya pombe haviui vizuri norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha. Kwa usiku wa mavazi rasmi, kanzu na koti vinatosha kabisa, na gauni la kitenge lililoshonwa vizuri pia.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya saa 6 usiku na kuchukuliwa. Bakizeni nguo na viatu vya kesho, vyote, pamoja na pasipoti kama zimesharudishwa. Baadhi ya meli huzishika safari nzima. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa 7 mchana.