Taimingi belti ilivyokatika njiani nikapona

Jamani Corolla 110 niliyonunua kwa mtu ilizima ghafla karibu na Chalinze, nikipiga stata inazunguka laini mno kama haina kompresheni, yaani injini haibani hewa. Nikafungua kifuniko cha oili nikamwambia shemeji apige stata mi nachungulia, kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi, haigeuki kabisa, hapo nikajua taimingi belti, mkanda unaoizungusha, imekwenda. Nikawaza valvu zimegongwa na pistoni zikapinda, kumbe hii injini ya 5A-FE belti ikikatika pistoni hazigusi valvu, si magari yote yana bahati hiyo. Fundi akaweka belti mpya, beringi ya tenshena inayokaza belti na sili ya kamshafti iliyokuwa inarushia belti oili, akalinganisha alama za kupangia belti, akazungusha injini kwa spana raundi mbili ndo akapiga stata, ikawaka chapu. Na muuzaji aliniapia belti kabadilisha juzi tu!