Zamu ya Maji

Desemba 2005 nilipanda basi Ubungo nikiwa na mswada wa riwaya kwenye mkoba. Kurasa 210, kazi ya miaka mitatu, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja nilioupenda. Zilikuwa zimebaki siku chache Krismasi ifike, wakati ambao Wachaga wa Dar es Salaam wanarudi nyumbani kwa wingi, na ndani ya basi huna pa kuweka mguu kwa magunia ya mchele na ndoo za rangi za kupaka nyumba za wazee. Tulipoiacha Mwanga mlima Kilimanjaro ukajitokeza, na watu walionyamaza tangu Korogwe wakaanza kuongea Kichaga.

Riwaya yangu ilihusu ndugu wawili wa Old Moshi wanaogombania kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha marehemu baba yao. Mlima niliujaza humo kadiri nilivyoweza. Karibu kila sura ilianza na Kibo, kilele chake chenye theluji: Kibo mweupe alfajiri, Kibo mwekundu jua likizama. Katika sura ya nne niliandika kwamba maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ni machozi ya theluji yanayotiririka hadi kwenye migomba. Sentensi hiyo niliithamini kuliko zote.

Nyumbani nilikuta mambo magumu. Vuli ilikuwa imegoma, majani ya migomba yamekunjamana, na wenye mfongo walikuwa wamepanga zamu za usiku na mchana. Zamu yetu iliangukia saa nane usiku hadi saa kumi. Baba mkubwa alikuwa ameshapita miaka sabini na vijana wa nyumbani walikuwa hawajafika kutoka Arusha, nikasema nitamsindikiza. Akafikiri kidogo. Nilipokuwa mdogo wanawake hawakufika kwenye banio, kule juu mfongo unakochukua maji mtoni.

"Sisi tunaishia kwenye nduwa," akasema hatimaye. "Chukua jembe."

Nduwa ni bwawa dogo la udongo linalokusanya maji ya mfongo kabla hayajagawiwa. Kutoka kwetu si mbali, lakini njia ni ya kupanda, tena katikati ya vihamba vya watu. Baba mkubwa hakuwasha tochi. Aliijua kwa nyayo: hapa mzizi wa mringaringa, hapa masale ya mpaka, usiyaguse. Hakuniambia kushoto wala kulia. Kwetu kuna juu na kuna chini. "Jiwe liko chini yako." "Pita juu ya huo mkahawa." Nilikuwa nimezaliwa ndani ya lugha hiyo, na katika kurasa 210 hapakuwa na mtu hata mmoja anayepanda au kushuka. Watu wangu wote walikaa sebuleni wakazungumza, na mlima ukawa dirishani.

Tulipofika akapiga magoti, akazoa udongo, akachomoa kipande cha mgomba kilichoziba tundu. Maji yakatoka kwa sauti ya ng'ombe anayekunywa. Nikaingiza mkono. Yalikuwa ya baridi hasa, nikasema theluji ya juu imetufikia.

"Theluji gani, mwanangu?" Hakuuliza kwa kunikosoa, alitaka kujua kweli. "Haya ni ya msituni. Mvua inanyesha msituni, ukungu unashikwa na miti, ardhi inanyonya, halafu inatutolea kidogo kidogo. Theluji ni ya wale wanaoutazama mlima kutoka Kahe, kule chini tambarare."

Niliposoma baadaye nikakuta wataalamu wanasema hivyohivyo: mito na mifongo yetu inalishwa na mvua ya ukanda wa msitu, na mchango wa barafu ni mdogo mno. Barafu yenyewe, ukilinganisha na ilivyopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imeshatoweka ndani ya miaka mia moja. Jambo hilo linaniuma sana. Lakini usiku ule niliumwa na jingine: nilikuwa nimeuandika mlima wa kalenda, mimi niliyekulia mgongoni mwake.

Maana kihambani mlima huuoni. Migomba imeufunika. Uani kwetu palikuwa na upenyo mmoja tu, nyuma ya zizi, mpana kama sinia, na bibi alikuwa akituita pale jioni kutuonyesha Mawenzi, kilele cha pili, aliyechongoka. Mawenzi, alisimulia bibi, moto wake ulizimika, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa. Kibo akachoka kuombwa, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana hadi leo kichwa chake kimepasukapasuka. Hata siku moja bibi hakutaja uzuri wa mlima. Alisimulia majirani wawili na moto wa jikoni.

Tulifuata maji hadi shambani, tukiyafungulia na kuyazuia kwa jembe, mgomba baada ya mgomba. Mstari wa mwisho ulikuwa bado mkavu niliposikia mtu akikohoa pembeni. Jirani wa zamu inayofuata amefika, na saa kumi imegonga. Wazee wakasalimiana kwa taratibu, kisha wakanyamaza, wote wawili wanayatazama maji. Nilihesabu pumzi zangu. Nilijua kaka mkubwa wa kwenye riwaya yangu angesema nini hapo, na nilijua kwa mara ya kwanza kwa nini mdogo wake hakumsamehe.

"Malizieni mstari huo," jirani akasema, akachuchumaa kusubiri.

Kulipopambazuka nilikaa jikoni, kwenye kigoda karibu na mafiga, nikakata ukurasa wote wa kwanza kwa kalamu. Kibo ikaondoka. Mahali pake nikaandika mtu amesimama gizani chini ya migomba, jembe mkononi, anasikiliza kama maji yamefika. Matone ya tope yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mkono wa gauni langu juu ya karatasi, nikaendelea kuandika.