Langoni

Nimefundisha shule mbili za msingi hapa Mombasa. Walimu wakuu wote wawili walipenda kusimama langoni saa moja kasorobo, lakini wacha niwaambie.

Wa kwanza alishika daftari. Ukicheleweshwa na feri ya Likoni, jina lako laandikwa kwa kalamu nyekundu, wanafunzi wakitazama. Nasi tukaingia darasani na hasira zile zile tukawamwagia watoto. Viboko vilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, ila fimbo ilikaa nyuma ya kabati na hakuna aliyeuliza. Chumba cha walimu kimya kama msibani.

Huyu wa sasa, mama wa makamo, hana daftari. Asalimia watoto kwa majina (akina Fatuma peke yao ni wengi, sijui awezaje). Wiki yangu ya kwanza feri ikanichelewesha tena, moyo wanidunda. Akasema, "Pole mwalimu. Mwenzako amekushikia darasa, kunywa maji kwanza."

Siku hizi navuka alfajiri, bila kuambiwa.

Juzi mtoto wa gredi ya nne aliingia kachelewa, anatweta. Mwenzake akasogea kwenye dawati: "Pole, nimekuwekea nafasi."