Usichemshe mbegu za papai

Wauza juisi wa Moshi hutupa mbegu za papai kwa ndoo. Mfugaji akiziomba ziwe dawa ya minyoo kwa mbuzi wake, kosa la kwanza huwa ni kuziosha, la pili kuzichemsha.

Ndani ya mbegu hakuna dawa iliyokaa tayari. Kiini kina kemikali tulivu, na ule ute unaoteleza nje yake una kimeng'enya. Mbegu ikipondwa viwili hivyo hukutana, ikatokea benzili isothiosianati, kali kama haradali, na hiyo ndiyo inayopiga minyoo. Ukiosha ute umetupa kimeng'enya, ukichemsha umekiua. Tena kemikali hiyo huruka hewani, hivyo kilichotwangwa asubuhi kisingoje jioni. Inusie kinuni: isipokuwasha pua, huna dawa.

Pima mbegu mbichi za papai lililoiva. Anza na gramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mbuzi wa kilo 25 apate gramu 25. Twanga na ute wake, tia maji baridi mililita 150, acha dakika 20, chuja kwa kitambaa, mnyweshe polepole. Usimwinue kichwa pua ikapita usawa wa macho, maana maji yataingia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua upesi kuliko minyoo. Wenye mimba na beberu wa kupandishia usiwape: kwa wanyama wa maabara mbegu hizi zimevuruga uzazi.

Hicho ni kipimo cha kuanzia, si cha kuapia. Mapapai hayalingani ukali, kwa hiyo cha kuamini ni hesabu ya mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Kitoe moja kwa moja kwenye njia ya haja, si chini zizini, siku ya kunywesha na tena baada ya siku 10 hadi 14. Changanya gramu 3 na mililita 42 za maji yaliyotiwa chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka, chuja kwa chujio la chai, jaza slaidi ya McMaster (kioo chenye vyumba viwili vya kuhesabia mayai kwa hadubini), subiri dakika 5 mayai yaelee. Hesabu vyumba vyote viwili, zidisha kwa 50. Ukiona mayai 24, hayo ni 1,200 kwa gramu. Yakishuka hadi 480, umepunguza asilimia 60: si haba kwa mmea, ila dawa nzima ya dukani inatakiwa kufikisha 95.

Bakiza mbuzi wawili watatu bila kuwanywesha. Kiangazi mayai huweza kupungua yenyewe, na bila hao utaisifu papai kwa kazi ya jua.

Mwarobaini? Unapendwa kuliko unavyostahili. Kwa mbuzi hai matokeo yake yanayumba sana.

Kabla ya yote hayo, funua kope ya chini. Ikiwa nyekundu, jaribu papai. Ikiwa nyeupe kama karatasi, au kidevu kimevimba maji, huenda minyoo wa tumboni waitwao Haemonchus wameshamnyonya damu. Huyo apewe dawa ya dukani leo hii, na papai akae nalo mbali. Halafu angalia majani anayokatiwa. Ya kando ya mfereji, yakiwa na umande, hubeba viluwiluwi vya minyoo, na jike mmoja wa Haemonchus hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Kata jua likishakausha, mahali palipoinuka kuliko mfereji.