Miaka 66, na kamba naruka

Jana wajukuu walinipa kamba wakidhani nitawashikia tu. Nikaingia kati. Nikaruka mara 7, magoti yakiniuma kidogo, nao wanapiga kelele: "Bibi, tena! Tena!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Nilipokuwa na miaka 40 nisingethubutu, niliogopa watu watasemaje. Hofu hiyo imeniondoka, na sijui niliibeba ya nini miaka yote ile.

Shirika la Afya Duniani linatushauri sisi tuliofika 65 tufanye mazoezi ya kujenga usawa wa mwili angalau siku 3 kwa wiki. Mimi nashindana na mjukuu wa miaka 6 kusimama kwa mguu mmoja. Juzi nilimshinda. Leo anataka marudiano.