Posho haikuwa ujamaa

Lubumbashi, Jumapili usiku

Leo mchana tulikula mtaa wa Katuba kwa baba mkubwa. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado inafuka moshi nilipolitaja lile neno: sosialisme, yaani ujamaa. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mutoto yangu, ile tuliiona. Walinyang'anya watu maduka."

Alikuwa anasema zairianizasio. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, maana Kongo wakati ule iliitwa Zaire. Kwenye duka la mtaani kwao aliwekwa mtu wa chama, akauza shehena yote bila kuagiza nyingine. Baba mkubwa alifungua kiganja, kitupu. "Chumvi. Hata chumvi ilikosekana."

Nilimjibu taratibu, maana njaa ile aliionja yeye, si mimi. Mobutu mwenyewe alisema hafuati kushoto wala kulia. Mali ilitoka kwa tajiri ikaenda kwa mkubwa, na mbeba magunia akabaki na gunia lake mgongoni. Mimi nikisema ujamaa nauliza hivi: anayetoka jasho ana sauti gani juu ya kile anachokizalisha?

Mama mkubwa akadakia. Yeye alizaliwa kambini kwa wafanyakazi wa madini, baba yake akifanya kazi kwenye tanuru la shaba. "Basi ujamaa ni Gécamines, kampuni ile ya shaba. Unga, shule, hospitali, vyote vilitoka kwao."

Hapa ndipo huwa napata shida, kwa sababu posho ile ililea nusu ya ukoo wetu na siwezi kuidharau. Lakini posho ilianza na Union Minière ya Wabelgiji, waliotaka wafanyakazi watulie karibu na kazi pamoja na wake na watoto wao. Desemba 1941 wafanyakazi hao hao walipogoma wakidai mshahara, walipigwa risasi uwanjani, hapa hapa mjini. Mwaka 1967 serikali ikaichukua kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Unga uliendelea kugawiwa, na maamuzi yaliendelea kutoka juu. Juu huko huko ndiko ulikotoka mpango wa 2003 wa kupunguza wafanyakazi, watu zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini. Anayekulisha bila kukuuliza anaweza kuacha kukulisha bila kukuuliza.

Mama mkubwa alikaa kimya, kisha akaenda chumbani akarudi na daftari la likelemba yao, mchango wa pesa wa kupokea kwa zamu: akina mama kumi na wawili, majina kwa bic ya bluu, alama ya msalaba kwa kila aliyekwisha kupokea. Jina moja juu ya ukurasa limekatwa mistari miwili.

"Huyu alikuwa anashika daftari," akasema. "Akajipangia zamu mbili. Tukakaa, tukamtoa."

Likelemba si ujamaa wote, najua. Haina tanuru wala mgodi. Ila baba mkubwa aliliangalia lile jina lililokatwa kwa muda mrefu.

"Na kule kazini," akauliza, "directeur tungemutoa namna gani?"

Bukari ilikuwa imeshapoa. Tulikaa mpaka umeme ukakatika, tukaendelea gizani.