Damu ya binti yangu ilikataa kupanda hadi tulipobadilisha saa ya chai

Leo nimepumua. Binti yangu wa miaka 8 alikuwa mchovu muhula mzima. Akipanda ngazi za ploti yetu hapa Kayole anasimama katikati, viganja vyeupe, na mara mbili nilimkuta akitafuna udongo. Kipimo kilitoa hemoglobini (kiwango cha damu) 9.8, kwa umri wake haifai kushuka chini ya 11.5.

Nilimpa dawa ya minyoo, nikaongeza sukuma wiki na ndengu. Daktari akamwandikia dawa ya madini ya chuma. Baada ya mwezi: 10.0. Nililia.

Muuguzi ndiye aliyeuliza, "Mama Wanjiku, dawa anaimeza na nini?" Na chai ya maziwa, asubuhi. Kumbe majani ya chai hushika chuma tumboni kisiingie kwenye damu, na maziwa nayo hupunguza. Hata ndengu za jioni tulikuwa tunateremshia chai! Chakula kilikuwepo, dawa ilikuwepo, na chuma kilikuwa kinapita tu.

Chai ya asubuhi sikumnyima. Dawa ndiyo iliyohamia saa kumi akitoka shule, kwa maji na chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia. Jioni hakuna chai. Ndengu nazikamulia ndimu, na omena mara mbili kwa wiki.

Wiki sita baadaye: 11.7. Ataendelea na dawa miezi mitatu kujaza akiba. Choo kikiwa cheusi msishtuke, ni dawa. Chupa naiweka juu ya kabati, maana ana mdogo wake, na chuma kikizidi ni sumu.